Kidonge cha karoti si karoti

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo wa nyuma wasikie. Swali ambalo huwa haliniishi ni hili, si ninywe tu kidonge chenye hizo kemikali za mboga niachane na kumenya na kukatakata? Nitalijibu ila kwanza tuelewane, mmea haukutengeneza hizi kemikali kwa ajili yetu. Wenyewe haukimbii, mdudu akija kuutafuna hauna pa kwenda, basi unajihami kwa kemikali. Chukua kitunguu saumu kizima ukinuse, karibu hakina harufu, ukikiponda tu ndo kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kemikali, kinakutana na kemikali iitwayo alini na inazaliwa alisini, ile inayokera mdudu na inayonuka mikononi. Ndo maana nasema ukishaponda kiache kama dakika 10 kabla hujakitia kwenye mafuta, joto linaua kimeng'enya mapema na kazi inaishia njiani. Brokoli nayo hivyo hivyo, kata kwanza, subiri, ndo upike.

Nyanya sasa ni kinyume, wekundu wake ni laikopini na hiyo inapenda moto na mafuta, nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo mwili unaifaidi laikopini yake kuliko mbichi, ingawa vitamini C inapungua, huwezi kupata vyote.

Turudi kwa kidonge. Watu waliona wanaokula sana mboga za beta-karotini, ile rangi ya chungwa ya karoti, kansa ya mapafu inawapata wachache zaidi, wakasema basi tuitoe tuiweke kwenye kidonge. Ufini wakachukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa beta-karotini miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5 mpaka 8, na matokeo yalipotoka 1994 waliomeza beta-karotini ndo walikuwa na kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18! Marekani nao walikuwa na jaribio lao la namna hiyo, wakalisimamisha kabla ya muda 1996. Mimi hapo ndo niliacha kushabikia vidonge, na mvutaji yeyote humu naomba anielewe vizuri, hicho kidonge achana nacho, karoti kula.

Na wenye dawa za kila siku, balungi liulizieni kwa mfamasia, linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, dozi inajikuta imekuwa kubwa mwilini bila wewe kuongeza kitu.

Naona mkono kule nyuma... kitunguu maji? Ndiyo, kemikali yake iitwayo kwesetini iko zaidi tabaka za nje, kwa hiyo unapomenya toa ganda kavu tu, usibandue na tabaka mbili nzima za nyama.