Rangi Ni Swali la Pili: Namba ya Ushuru ya Rojo la Misonobari Lisilopaushwa

Mabibi na mabwana, ndugu madeklaranti mnaoandaa hati za forodha, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwa kazi ya mpakani Kasumbalesa,

Huu nilioushika ni mfuko mtupu wa saruji, niliouokota asubuhi penye ujenzi hapa Lubumbashi. Ninauchana taratibu. Tazameni ukingo wake: umeacha nyuzi za kahawia zilizosimama kama manyoya. Nyuzi za misonobari hufikia urefu wa karibu milimita 3, ilhali za mkaratusi hukaribia milimita 1 tu, na ndiyo maana karatasi ya mifuko hupendelea misonobari.

Rojo linalozaa karatasi hii, yaani nyuzi za mbao zilizotenganishwa, ambalo wengi wetu huliita pate, limo katika Sura ya 47 ya Mfumo Uliowianishwa, orodha ya kimataifa ya namba za ushuru za bidhaa, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kosa linalonisikitisha ni la mtu anayesoma kwenye faktira kwamba rojo halikupaushwa, kisha akaamini kuwa rangi imekwisha kuamua kila kitu. Swali la kwanza ni jinsi nyuzi zilivyotenganishwa. Zikisagwa kwa mashine tu, ni kichwa 4701. Zikipikwa kwa soda au sulfati, ni 4703. Zikipikwa kwa sulfiti, ni 4704, na hapo herufi moja ikikosewa mzigo wote unahamia kichwa kingine. Baada ya hapo ndipo tunauliza kuhusu kupaushwa, kisha kuhusu mti: kwa rojo lisilopaushwa, 4703.11 ni ya misonobari na jamii yake, 4703.19 ni ya miti mingine.

Jina la sulfati lenyewe hupotosha. Vipande vya mbao hupikwa katika soda kali na sulfidi ya sodiamu. Sulfati huongezwa baadaye, maji meusi yaliyobaki baada ya upishi yanapochomwa ili kurudisha dawa, nayo hugeuka sulfidi humo tanurini. Basi mkiona sulfidi kwenye hati ya kiwanda, msiikimbie 4703.

Rojo la kuyeyushwa, yaani lile linalokusudiwa kuyeyushwa kwa dawa badala ya kufanywa karatasi, kichwa 4702, huamuliwa kwa kipimo cha maabara: lile la soda au sulfati sharti libakize asilimia 92 au zaidi bila kuyeyuka, baada ya saa moja katika soda kali ya asilimia 18, kwa nyuzijoto 20.

Mwombeni muuzaji hati inayotaja njia ya upishi na aina ya mti, kwa kuwa marobota hufika yakiwa mabamba manene kama katoni, na kwa macho matupu hata mimi nisingethubutu kuandika 4703.11.