Nani kamchagua, nani kamlea: kuipima kazi ya drafti katika hoki ya barafu

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Nawashukuru waandaaji walionialika, na nawashukuru zaidi nyinyi mliokuja kusikiliza habari za hoki ya barafu kwa Kiswahili. Mada niliyopewa ni kueleza jinsi ya kujua kama timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, inachagua na kulea vijana vizuri.

Jibu langu nitalitoa mapema. Timu haipimwi kwa nyota iliowapata. Inapimwa kwa kulinganisha ilichopata na kile ambacho nafasi yake ya kuchagua huleta kwa kawaida. Baada ya hapo kuna kazi ya pili, na ndiyo ngumu: kutenganisha sifa ya aliyemchagua kijana na sifa ya waliomlea kuanzia miaka 18 hadi 22. Mashabiki wengi huzichanganya hizi mbili, wakamsifu skauti, yaani mtafuta vipaji, kwa kazi ya kocha au wakamlaumu kijana kwa makosa ya meneja.

Kwa waliozoea kandanda, nieleze kidogo. Ulaya klabu humchukua mtoto akiwa na miaka 9 na kumlea yenyewe. NHL haina utaratibu huo. Kila mwaka timu zote, ambazo sasa ni 32, hukutana kwenye drafti na kuchagua kwa zamu vijana ambao wengi wao wana miaka 18, raundi 7, majina zaidi ya 220. Timu dhaifu hutangulia, na tangu 1995 kuna bahati nasibu ya kuamua nani aanze. Kijana hana kauli: akishatajwa, haki zake ni za timu ile. Anaweza kukaa miaka kadhaa kwenye ligi ya vijana Kanada, chuoni Marekani, nyumbani kwao Sweden au Urusi, au kwenye AHL, ligi ya pili ambako kila timu ya NHL ina timu yake ya kukuzia vijana.

Tuanze na Edmonton. Timu hii ilichagua namba 1 miaka mitatu mfululizo: Taylor Hall 2010, Ryan Nugent-Hopkins 2011, Nail Yakupov 2012. Ikapata tena namba 1 mwaka 2015 na kumchukua Connor McDavid. Ukihesabu nyota tu, utadhani maskauti wa Edmonton walikuwa mabingwa wa kazi yao. Lakini McDavid angetajwa na mtu yeyote aliyesoma gazeti moja la michezo mwaka ule. Kwa hiyo ukubwa wake wote, ambao siupunguzi hata kidogo, hauwapi maskauti alama yoyote. Na katikati ya utajiri huo timu ilikaa misimu kumi mfululizo bila kufika mechi za mtoano, hadi 2016.

Hesabu tunayoihitaji inakwenda hivi. Chukua miaka mingi ya drafti iliyopita, uangalie waliochaguliwa namba 1 walitoa nini katika maisha yao ya NHL, kisha waliochaguliwa namba 2, namba 30, namba 79, hadi mwisho. Utaona mstari unaoporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha ukalala karibu tambarare kuanzia raundi ya tatu. Baada ya hapo, kwa kila kijana unauliza kama alitoa zaidi au pungufu ya mstari. Namba 1 anayefunga magoli 20 kila msimu anaweza kuwa hasara. Namba 208 akifanya hivyohivyo ni faida kubwa.

Kuhusu kipimo cha kile alichotoa, kuna mazoea ya kuhesabu mechi: akifika 200, anaandikwa kuwa amefaulu. Siyapendi. Mchezaji anayeingia dakika nane kila usiku kwenye mstari wa nne, yaani kundi la mwisho la washambuliaji watatu wanaoingia pamoja, akafikisha mechi 200, na mfungaji aliyebeba timu hadi kwenye Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, kipimo hicho kinawahesabu sawa. Afadhali kuangalia pointi, yaani magoli na pasi za magoli, muda wa uwanjani, na ugumu wa wapinzani ambao kocha alimpanga dhidi yao.

Mfano ninaoupenda ni Tampa Bay. Nyota wao wawili, Steven Stamkos aliyechaguliwa namba 1 mwaka 2008 na Victor Hedman aliyechaguliwa namba 2 mwaka 2009, tuwaweke pembeni, kwa sababu nafasi zilezile ndizo zilizowaleta. Mwaka 2010 Steve Yzerman aliingia kama meneja mkuu, ambaye kazi yake ni kusajili na kubadilishana wachezaji, si kufundisha, na Al Murray akashika idara ya maskauti wa vijana. Mwaka 2011 wakamchukua Nikita Kucherov namba 58 na Ondřej Palát namba 208, raundi ya saba, wakati timu nyingine zinakaribia kufunga mafaili yao. Mwaka 2012 wakamchukua kipa Andrei Vasilevskiy namba 19. Mwaka 2014 wakamchukua Brayden Point namba 79.

Huyu Point nataka tumtazame kwa karibu. Msimu wake wa drafti alikuwa na pointi 91 katika timu ya vijana ya Moose Jaw, kule Saskatchewan. Idadi hiyo ilionekana na kila mtu, haikuhitaji jicho la siri. Kilichomshusha hadi raundi ya tatu ni mambo mawili: alikuwa mfupi kwa vipimo vya ligi, na utelezaji wake haukuwavutia watu. Tampa walikuwa na namba 80. Wakahofia kuporwa, wakatoa nafasi ya raundi ya saba kwa Minnesota ili wapande hatua moja tu, hadi 79. Timu hulipia kupanda hatua moja pale inapokuwa imeshaandika jina la mtu kwenye karatasi na haitaki jingine.

Hapo ndipo kazi ya maskauti ilipoishia na ya wengine ikaanza. Tampa walikuwa na mwalimu wa utelezaji, Barbara Underhill, Mkanada aliyekuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi mwaka 1984 pamoja na Paul Martini. Kazi ya mwalimu wa namna hii ni kukaa na kijana mmoja na kutazama goti linakunjwa kiasi gani, mguu unasukuma hadi wapi, mwili umeegemea upande gani anapoanza kukimbia, na kuyarudia hayo hadi mwili uzoee. Point alirudi Moose Jaw misimu miwili zaidi. Hakuna aliyemharakisha. Alipoingia NHL vuli ya 2016, kile kilichosemwa kuwa udhaifu wake kilikuwa kimegeuka kuwa nguvu yake, na leo mabeki humwogopa kwa kasi. Alifunga magoli 14 katika mechi za mtoano za 2020, Tampa walipotwaa kombe, na msimu wa 2022–23 akafikisha magoli 51.

Mnaona ninachokitafuta? Mtu akiniuliza kama Point ni sifa ya skauti au ya mlezi, nitamjibu kwamba skauti aliona kwamba kasoro yake ni ya aina inayotibika. Akili ya kusoma mchezo, kujua mwenzako atakuwa wapi kabla hajafika, hiyo ni vigumu sana kumfundisha mtu wa miaka 18. Hatua ya mguu hufundishika. Timu nyingi hutafuta kijana mrefu mwenye kasi kisha zikatumaini atapata akili baadaye. Tampa walifanya kinyume, na walikuwa na mwalimu tayari wa kuimaliza kazi. Uchaguzi na malezi vilizungumza lugha moja.

Pale kwenye AHL walikuwa na jambo jingine. Timu yao ya Norfolk, chini ya kocha Jon Cooper, ilishinda mechi 28 mfululizo msimu wa 2011–12 na kutwaa Kombe la Calder, la ubingwa wa AHL. Palát alikuwamo, na Tyler Johnson pia, ambaye hakuna timu iliyomchagua kabisa kwenye drafti. Machi 2013 Cooper akapandishwa kuifundisha Tampa yenyewe. Vijana walipopanda walimkuta kocha yuleyule na maneno yaleyale. Msimu wa 2014–15 Johnson, Palát na Kucherov walicheza mstari mmoja na kuifikisha timu fainali.

Turudi Edmonton, maana hapo kuna somo la malezi kwenye nyumba moja. Yakupov aliingizwa NHL moja kwa moja akiwa na miaka 19. Msimu wa kwanza, uliofupishwa na mgogoro wa mikataba, alipata magoli 17 katika mechi 48, kazi nzuri kabisa kwa mgeni. Kisha kocha akabadilishwa, na mwingine naye, na kijana akawa anaambiwa leo hili na kesho lile. Vuli ya 2016 akauzwa St. Louis. Mwenzake Leon Draisaitl, Mjerumani aliyechaguliwa namba 3 mwaka 2014, naye alianza vibaya: mechi 37, magoli 2. Lakini safari hii timu ilikubali kumrudisha ligi ya vijana katikati ya msimu. Akaenda Kelowna, akawa mchezaji bora wa Memorial Cup ya 2015, mashindano ya ubingwa wa ligi za vijana Kanada, na msimu uliofuata akaanzia AHL. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote ligini. Sisemi Yakupov angekuwa Draisaitl kama angerudishwa. Vipaji vyao havikuwa sawa. Nasema mmoja alipewa nafasi ya kupumua na mwingine hakupewa, na anayeandika tathmini ya timu asiliache hilo nje.

Sasa kuhusu Detroit, kwa sababu najua kuna mtu atawataja. Pavel Datsyuk namba 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg namba 210 mwaka 1999. Skauti wao wa Ulaya, Håkan Andersson, anastahili heshima yote anayopewa. Lakini kumbukeni kwamba Detroit wenyewe, miaka yote miwili, walitaja majina mengine kabla ya hao. Kama wangejua walichokuwa nacho, wangengoja hivyo? Kilichokuwa cha uhakika ni subira yao: Datsyuk aliingia NHL akiwa na miaka 23, Zetterberg akiwa na 22, wote wameshapevuka kwa kucheza dhidi ya wanaume nyumbani kwao. Kwa hiyo mimi naipa Detroit ya miaka ile alama nyingi kwa malezi kuliko kwa uchaguzi.

Upande mwingine wa bahati ni Boston ya 2015. Walikuwa na namba 13, 14 na 15 mfululizo, wakawachukua Jakub Zbořil, Jake DeBrusk na Zachary Senyshyn. Namba 16 akawa Mathew Barzal, 17 Kyle Connor, 18 Thomas Chabot. Mchagua nazi hupata koroma. Hata hivyo tathmini ya haki itaongeza kwamba DeBrusk alikuja kuwa mfungaji wa kweli, kwamba kwenye drafti ileile walimpata beki Brandon Carlo namba 37, na kwamba mwaka mmoja nyuma idara ileile ilimpata David Pastrňák namba 25. Drafti moja haitoshi kumhukumu mtu. Mimi huchukua angalau minne mfululizo, na sianzi kabla ya miaka mitano kupita. Alama zinazotolewa asubuhi baada ya drafti zinapima jinsi timu ilivyofuata orodha za waandishi, basi.

Wazazi mliopo hapa, hili la tarehe za kuzaliwa linawahusu. Kanada makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na wa Desemba wanapangwa pamoja, na wa Januari ni mkubwa kwa karibu mwaka mzima. Huyo ndiye anayepewa timu nzuri, kocha mzuri na dakika nyingi. Ndiyo maana waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ni wengi mno kati ya wanaochaguliwa, ilhali wale wa mwisho wa mwaka, wakichaguliwa, huwa wanatoa zaidi ya nafasi waliyopewa. Drafti nayo ina ukomo wake, tarehe 15 Septemba. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997; kwa siku mbili akaikosa drafti ya 2015, akawa namba 1 mwaka 2016. Skauti anayesoma pointi za kijana bila kusoma tarehe yake ya kuzaliwa anasoma nusu ya karatasi. Ni vivyo hivyo kwa ligi alikotoka: pointi 20 dhidi ya watu wazima kwenye ligi kuu ya Sweden ni kazi kubwa kuliko pointi 60 dhidi ya vijana wenzake.

Nimalizie na swali linalonisumbua kwenye hesabu zangu. Mwaka 2013 Tampa walimchukua Jonathan Drouin namba 3, wakampita Seth Jones. Drouin hakuwa walichokitarajia. Lakini mwaka 2017 walimbadilisha na Montreal wakampata beki Mikhail Sergachev, aliyetwaa nao makombe mawili, 2020 na 2021. Mwaka 2024 Sergachev akaenda Utah, na Tampa wakapokea, pamoja na wengine, Conor Geekie, aliyekuwa namba 11 mwaka 2022. Je, makombe hayo yaandikwe kwenye safu ya maskauti? Mimi sikubali. Kwenye safu yao namwandika Drouin na mechi zake mwenyewe, pungufu ya mstari wa namba 3. Sergachev namweka kwenye safu ya meneja, aliyejua kuuza kabla thamani haijashuka zaidi. Najua wapo wenzangu wanaohesabu mnyororo mzima kama kitu kimoja, na hoja yao ina uzito, kwa sababu bila Drouin biashara ile isingekuwapo. Makipa sijawagusa, na wao wana kalenda yao tofauti kabisa. Anayetaka kuanzia hapo anyooshe mkono, nitamjibu kwanza.