Dakani Kwanza, Ukumbini Baadaye

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na mafundi, asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie usanifu wa majengo ya jamii unaoafiki desturi za wenyeji, nami nitabaki Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa kuwa ndio ninaoufahamu.

Nyumba ya mawe ya Lamu huanzia dakani, kwenye kibaraza kilichoezekwa, chenye viti vya mawe vilivyotazamana, ambapo mgeni hupokewa pasipo mwenyeji kulazimika kumwingiza ndani. Avukaye mlango hukuta tekani, yaani kibaraza cha ndani, na hapo njia hupinda, hata aliye mtaani asikione kiwanda, yaani ua wa ndani, ujapokuwa mlango u wazi. Ramani yote hujibu swali moja: nani afike wapi.

Swali hilo ndilo tulisahaulo. Tunabandika mlango wa kuchongwa kwenye kasha la zege, kisha tunaliita jengo la Kiswahili. Mimi mwenyewe nimekosea. Katika ukumbi mmoja wa mtaa nilijenga baraza ndefu upande wa magharibi, iliko barabara. Ilipofika alasiri jua liliichoma, wazee wakatandika mkeka nyuma ya jengo, kivulini, wakaendelea na bao lao, na saruji yangu wakaachiwa paka. Asubuhi ilikuwa mbaya zaidi, kwani wanaume walijaa barazani, na akina mama, ambao mlango wao wa pekee ulikuwa hapo hapo, waliona afadhali wasije.

Vifaa navyo vina masharti yake. Boriti za mikoko hazibebi dari pana, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 3 au pungufu. Anayetaka kukusanya watu wengi ataongeza nguzo, au atapanga kumbi nyembamba kuuzunguka ua. Napendelea hili la pili, maana harusi zetu huwatenga wanaume na wanawake. Na ukuta wa mawe ya matumbawe upakwe chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani, hatimaye plasta ikabanduka.

Ukumbi wangu tuliutoboa mlango wa pili kaskazini, wenye njia ya kupinda, na baraza mpya tukaijenga pale pale palipotandikwa mkeka. Kabla ya kukata kimo chake tulimwomba mzee mmoja aketi juu ya matofali. Tukaongeza moja, tukaondoa nusu, mpaka nyayo zake zikakanyaga chini barabara.