Hakan Şükür: Kutoka Ufalme wa Mabao hadi Uhamishoni

Waheshimiwa wasikilizaji, ndugu zangu wapenzi wa kandanda,

Nilipoombwa kuzungumzia maisha ya mchezaji mmoja wa Uturuki nilimchagua Hakan Şükür bila kusita, kwa kuwa sijui mwanasoka mwingine wa nchi ile aliyependwa kiasi kile kisha jina lake likawa zito kutamkwa katika televisheni ya taifa lake. Mabao yake na siasa zake nitavisimulia kwa pamoja, maana anayesimulia mabao peke yake anatuficha nusu ya mtu huyu, na anayesimulia siasa peke yake anafuta kazi ya zaidi ya miaka 20.

Alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Adapazarı, mashariki ya Istanbul, katika familia yenye asili ya Waalbania wa Balkani. Alianza soka ya kulipwa katika klabu ya nyumbani, Sakaryaspor, akapita Bursaspor, na mwaka 1992 akasajiliwa na Galatasaray. Kimo chake cha mita 1.91 kiliwatia hofu mabeki katika mipira ya juu, lakini wenzake walimthamini pia kwa namna alivyokuwa akiupokea mpira mgongo wake ukielekea lango, akiwa amebanwa, na kuwapasia viungo waliokuwa wakipanda kwa kasi. Katika msimu wa 1996–97 alipachika mabao 38 ya ligi. Chini ya kocha Fatih Terim, akiwa na kiungo Mromania Gheorghe Hagi nyuma yake, timu ilitwaa ubingwa wa Uturuki mara nne mfululizo, na tarehe 17 Mei 2000, mjini Copenhagen, ikaishinda Arsenal kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Kombe la UEFA, mkwaju mmoja ukiwa umefungwa na Hakan mwenyewe. Hakuna klabu ya Uturuki iliyokuwa imewahi kutwaa kombe la Ulaya kabla ya usiku ule.

Ugenini hakung'ara kama nyumbani. Torino, Inter, Parma na Blackburn Rovers zote zilimpokea kwa nyakati tofauti, na mwishowe alirudi Istanbul, ambako alitundika daluga mwaka 2008 akiwa na mabao 249 ya ligi kuu.

Ninaomba tukae kidogo kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2002, kwa sababu ndilo linalobeba uzito wa yale yatakayofuata. Uturuki ilikuwa haijashiriki fainali hizo tangu mwaka 1954. Hakan, aliyekuwa nahodha, alicheza mechi sita bila bao hata moja, na lawama zilikuwa nyingi. Hata pale Senegal, waliokuwa wamebeba matumaini ya Afrika nzima, walipotolewa katika robo fainali kwa bao la dhahabu, yaani bao la muda wa nyongeza lililomaliza mechi papo hapo, mfungaji alikuwa İlhan Mansız, aliyeingia kuchukua nafasi yake. Hatimaye, tarehe 29 Juni mjini Daegu, katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu, Korea Kusini walianzisha mpira, İlhan akamsonga beki Hong Myung-bo na kumpokonya, na Hakan akaukwamisha wavuni katika sekunde ya 11. Rekodi ya bao la haraka zaidi katika Kombe la Dunia iliyokuwapo ilikuwa ya Václav Mašek wa Czechoslovakia, tangu mwaka 1962. Uturuki walishinda kwa mabao 3 kwa 2.

Sasa niingie katika siasa. Mwaka 1995, Hakan alipooa, ndoa yake ilifungishwa na meya wa Istanbul wa wakati huo, Recep Tayyip Erdoğan, na miongoni mwa mashahidi alikuwamo mhubiri Fethullah Gülen. Wanaume hao wawili baadaye walishirikiana kwa miaka mingi, kisha wakawa mahasimu wakubwa, na Hakan akajikuta kati yao. Mwaka 2011 alichaguliwa kuwa mbunge wa Istanbul kwa tiketi ya chama cha Erdoğan, AKP. Desemba 2013, serikali ilipoazimia kuvifunga vituo vya tuisheni, vingi vikiwa vya wafuasi wa Gülen, alijiuzulu uanachama wa chama hicho na kubaki mbunge huru. Ninasisitiza kwamba uamuzi huo aliufanya mwenyewe, hadharani, akijua anamkasirisha nani. Si haki kumsimulia kama mtoto aliyeburutwa.

Mwaka 2015 alihamia California. Nyumbani alifunguliwa mashtaka ya kumtukana Erdoğan, aliyekuwa sasa Rais, kupitia mtandao wa Twitter, na baada ya jaribio la mapinduzi la Julai 2016, ambalo serikali inasema lilipangwa na wafuasi wa Gülen, ilitolewa hati ya kumkamata, mali zake zikazuiwa na baba yake mzazi akatiwa mbaroni. Yeye amekana tuhuma hizo. Mwaka 2017 wanachama wa Galatasaray walipiga kura kukataa kumfukuza uanachama, lakini baada ya serikali kuja juu, uongozi wa klabu ulimfukuza siku chache baadaye. Huko Marekani aliwahi kushiriki katika biashara ya mgahawa mjini Palo Alto, na mwaka 2020 aliliambia gazeti moja la Ujerumani kwamba anaendesha gari la Uber na kuuza vitabu. Kazi hiyo ni ya halali na haina aibu yoyote. Kinachoniumiza ni mkono uliomfikisha huko.

Tarehe 1 Desemba 2022, katika Kombe la Dunia la Qatar, Hakim Ziyech aliifungia Morocco bao la mapema dhidi ya Canada, na mtangazaji wa televisheni ya taifa ya Uturuki, Alper Bakırcıgil, akawakumbusha watazamaji kwamba bao la haraka zaidi katika historia ya mashindano hayo ni la Hakan Şükür. Aliondolewa kazini kabla mechi haijamalizika. Mtangazaji yule alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kumwadhibu kwa kusema ukweli wa uwanjani ni dhuluma, hata kwa yule anayeamini kwamba mashtaka yote dhidi ya Hakan ni ya kweli. Mahakama inaweza kumhukumu mtu, lakini haina mamlaka ya kulifuta bao lililokwisha kukubaliwa na mwamuzi. Katika timu ya taifa Hakan ana mabao 51 katika mechi 112, na Burak Yılmaz, anayemfuata kwa karibu miongoni mwa waliokwisha kustaafu, alimaliza na 31.

Ninawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa ninakaribisha maswali.