Kabla Hujabandika Sufuria

Hamjambo, wanangu. Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa wengi wenu ndiyo kwanza mmeanza kujitegemea: umepanga chumba, jiko la gesi liko hatua mbili kutoka kitandani. Leo siwafundishi kupika. Nataka tuzungumze ile nusu saa ya kabla ya kuwasha kiberiti, na mfano wangu ni pilau, kwa sababu pilau humuumbua mtu upesi.

Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Unakitia kwenye mafuta, kinalainika, kinapiga umanjano, halafu kwa muda mrefu unaona kama hakifanyi lolote. Mara kinakuwa kahawia, na kutoka kahawia mpaka mkaa ni dakika moja, au isifike. Hapo ndipo saumu na tangawizi zilizotwangwa zinapotakiwa kuingia, maana zina majimaji, na majimaji hayo hukizuia kitunguu kisiendelee kuungua. Sasa kama saumu yako bado imo ndani ya maganda, umekwisha.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa na wageni kumi, nami namenya saumu huku kitunguu kiko motoni. Zilikuwa zile punje ndogo ndogo, ganda linang'ang'ania kwenye kucha. Kugeuka, naona moshi. Nikajidanganya kwamba nikitia supu uchungu utapungua. Wapi! Uliingia mpaka kwenye viazi. Wageni walikula kwa adabu, wakaomba maji mara nyingi.

Basi tangu siku ile gesi siigusi mpaka vitu viwe mbele yangu. Mchele nimeshauchagua mawe, nimeuosha na kuuloweka nusu saa. Nyama imeshaiva, imepoa pembeni, na supu yake nimeipima kwa kikombe kile kile nilichopimia mchele. Hili la kikombe mnalipuuza, kisha mnasema mchele wa siku hizi mbovu! Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji, kwa hiyo supu yake hupungua kidogo kuliko ya mchele mkavu. Viazi vimemenywa na vimo ndani ya maji visije vikabadilika rangi. Halafu napanga vyote kwa zamu ya kuingia sufuriani, wa kwanza karibu na mkono.

Naona kijana pale mbele anacheka. Anauliza vibakuli vyote hivyo atavitoa wapi. Mwanangu, vikombe vya chai huna? Vifuniko vya sufuria? Mama yangu alikuwa na ungo mmoja tu: vitunguu upande huu, viungo upande ule, katikati pilipili. Alikuwa anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na mkaa bado haujawashwa. Wapishi wa mahoteli wana jina la Kifaransa la mambo haya, mise en place, na wanalilipia ada chuoni.

Ila kuna na wanaozidisha. Mtu anakamua tui asubuhi ili apikie jioni, na joto hili la Dar es Salaam! Jioni limeshachacha. Tui likamuliwe saa ile ile, au likae kwenye friji. Bizari nayo nunua nzima, uikaange kidogo bila mafuta na kuitwanga siku unayopika, kwa kuwa ikishasagwa harufu inaanza kuondoka. Na kachumbari usiitie chumvi mapema. Chumvi huvuta maji ya nyanya, utapeleka supu mezani. Vitunguu vyake unaweza kuvikata kabla, uvifikiche kwa chumvi na kuvisuuza vizuri ili ukali utoke, kisha vikae peke yake.

La ubao nusura nilisahau, na ndilo la afya. Ukishakata nyama mbichi, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla havijagusa nyanya ya kachumbari. Nyama itapita motoni, nyanya ile haipiti. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi, na mara nyingi kitambaa chenyewe ndicho kichafu kuliko ubao.

Mwanangu wa mwisho mpaka leo hajazoea. Akirudi jioni akakuta jiko baridi na vibakuli vimejipanga, huuliza kama leo tunalala njaa. Namwambia akatandike mkeka.