Kila Mwanamume Ana Tezi Dume

Wazee wangu wa Ujiji na Mwanga, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni kama mnangoja chai, karibuni. Nimepewa nusu saa.

Mwanamume gani humu ndani hana tezi dume? Anyooshe mkono. Basi kwa nini kila wiki nanong'onezwa, "Tabibu, fulani ana tezi dume," kwa sauti ya msibani? Fulani kazaliwa nayo! Tezi ni kiungo. Mmeshasikia mtu akisema shangazi yake anaumwa, ana ini?

Mnacheka. Jirani yangu mmoja hakucheka. Alipimwa mahali, akaambiwa "tezi dume", basi, akapewa karatasi. Muuza dawa mmoja akamfafanulia kwamba hiyo ni saratani, na ukiikata inasambaa. Mzee akakaa na siri yake miezi minane, anakunywa mizizi ya chupa hii na ile, usiku anaamka mara sita. Ijumaa moja baada ya isha mkojo ukagoma kabisa. Nilikuwa zamu. Aliletwa kwa bajaji, kapiga magoti kwenye kiti cha nyuma maana kuketi hawezi, mikono imeng'ang'ania msuli, jasho linadondoka kidevuni. Tulipompitishia mpira, mfuko ulipokea lita moja na robo. Akafumba macho, "Alhamdulillahi." Halafu akaniuliza, "Nimebakiza muda gani?"

Vipimo vilipokamilika, hakuwa na saratani. Alikuwa na haipaplasia. Neno limewatisha? Tazameni viganja vyenu. Ile sugu ya jembe ni seli za ngozi zilizozaliana kwa kusuguliwa na mpini. Pumzisha jembe, sugu inalainika. Seli zimekuwa nyingi, lakini bado ni seli za kawaida. Mkono wa mpakizi wa bandarini ni habari nyingine: pale seli za misuli hazikuongezeka, zimenenepa. Hiyo ni haipatrofia. Vitabu vya zamani viliita ukuaji wa tezi dume haipatrofia, vikakosea. Tezi ambayo ujanani ni kama chikichi moja nene huongeza seli taratibu uzeeni, na kwa kuwa mrija wa mkojo umepita katikati yake, unabanwa. Wanaume wakifika miaka 60, karibu nusu wanayo hali hiyo.

Saratani haina adabu ya sugu. Kilichoichochea kikiondoka, yenyewe inaendelea, tena inavamia jirani. Waliosoma Kiarabu wanajua saratani ni kaa. Na kansa, kwa Kilatini, ni kaa huyohuyo. Watu wa kale waliona mishipa imetapakaa kuzunguka uvimbe kama miguu yake. Wavuvi, mnajua kaa akishaushika wavu. Sasa, haipaplasia ya tezi dume haigeuki kuwa saratani. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo, lakini hiki hakizai kile.

Najua kuna anayesema moyoni, "Tabibu, hayo maneno tu, mgonjwa anataka dawa." Dawa zipo, na upasuaji upo! Neno ndilo lililomfungia mzee ndani miezi minane. Na kuna wa upande wa pili, anayejisifu mkojo wake unaruka ukuta. Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia pembeni, mbali na mrija. Mkojo unatoka vizuri huku mgongo umeanza kuuma. Kapime damu, ile PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, na ukubali kidole cha daktari kikuguse tezi kupitia njia ya haja kubwa. Mnakiogopa kuliko mamba.

Kina mama, muda umekwisha, nisameheni. Uvimbe wa kizazi, faibroidi, kwa kawaida si saratani, na hedhi ikikoma mara nyingi husinyaa. Rovu je? Tezi ya shingo ikikosa madini joto, ubongo huisukuma ifanye kazi zaidi, nayo inatanuka. Chumvi ya Uvinza ni yetu na tunaipenda, lakini kwanza ulizeni kama imetiwa madini joto. Itieni mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa.

Naoneshwa saa. Makovu yanayovimba, siku nyingine. Mzee mwenye balaghashia, mkono uko juu tangu nilipoanza. Una swali, au ndiye wewe usiye na tezi dume?