Koment zenu kuhusu hoteli nyeupe za Santorini: najibu mara moja kwa wote

Hamjambo jamani, karibuni tena. Swali ni lile lile: zile hoteli nyeupe za Ugiriki zilizochimbwa kwenye jabali, zenye kidimbwi cha kuogelea mlangoni, ni pesa ngapi na mtu wa nyumbani anafikaje? Kabla hamjaanza, kutaja yuro si kuringa na kutaja matatizo si kulalamika. Ukinyamaza unaambiwa unawafichia wenzako njia, ukisema unaambiwa unajionyesha. Mimi nasema, kwa sababu kuna watu huko wanadunduliza miaka miwili kwa ajili ya fungate, na hao ndio ninaowajibu. Nazungumzia kisiwa cha Santorini peke yake, na chukueni haya kama maoni yangu. Kila mtu na mfuko wake.

Tuanze na pesa. Vijiji vilivyokaa ukingoni mwa kaldera, yaani lile shimo kubwa la volkano lililojaa bahari, ni Fira, Firostefani, Imerovigli na Oia. Mwezi wa saba na wa nane, chumba cha dizaini kinachotazama kaldera ni nadra kukipata chini ya yuro 400 kwa usiku, na kupita 1,000 si ajabu. Mwisho wa mwezi wa nne, au katikati ya mwezi wa kumi, chumba kile kile huweza kushuka karibu nusu. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi zimefungwa.

Na bei hiyo bado haijatimia. Kuna ada ya serikali, wao wanaiita ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, nayo kwa kawaida unailipa pale hotelini, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, nyota tano ni yuro 15 kwa usiku, nyota nne ni 10, nyota tatu ni 5. Inahesabiwa kwa chumba, si kwa kichwa. Ukilala siku tano kwenye nyota tano, weka yuro 75 pembeni usiziguse.

Wale mnaopenda kubeba noti kwenye bahasha, sikilizeni: sheria ya Ugiriki hairuhusu biashara kupokea taslimu zaidi ya yuro 500 kwa bili moja. Kwa hiyo kadi ni lazima, na kadi ina mambo yake. Mapokezi huzuia kiasi fulani kama dhamana. Kwenye kadi ya mkopo hutahisi kitu. Kwenye kadi ya kawaida ya benki zinazofungwa ni pesa zako mwenyewe, na ukishaondoka zinaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla hazijaachiwa. Mtu aliyekuja na hesabu ya kubana hukwama siku ya pili, salio lipo na kadi inakataa. Zile kadi za namba tupu mnazotengeneza kwenye simu zinaweza kufaa kulipia kabla, lakini mapokezi huulizwa kadi ya plastiki yenye jina linalolingana na pasipoti. Kabla ya kusafiri iambie benki ikupandishie kikomo cha siku. Na mashine ikikuuliza ukatwe kwa yuro au kwa sarafu ya kwenu, chagua yuro. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na mwenye mashine, na faida ni yake.

Sasa karatasi, na hapa niacheni niseme lililo moyoni. Viza ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ukinyimwa hurudishiwi. Unatakiwa uonyeshe mahali utakapolala kabla hujajua kama utaruhusiwa kufika. Na hoteli za namna hii ndizo zenye masharti magumu, kwa kuwa nyingi zina vyumba kumi au kumi na tano tu, kimoja kikilala bure wanaumia. Wanataka sehemu ya pesa mbele, na nafasi ya kufuta bila kukatwa hukoma siku 30, pengine 60, kabla ya kufika. Mwenzetu mwenye pasipoti ya Ulaya anabuki leo, kesho anapanda ndege. Sisi tunaweka rehani pesa ambayo hatujui kama tutaila. Linaniuma, na sitajifanya haliniumi.

Cha kufanya ni kupiga hesabu kinyumenyume. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaupa ubalozi hadi siku 45. Tuseme unafika tarehe 10 Juni na hoteli inataka ufute kabla ya tarehe 10 Mei. Toa siku 45, unapata tarehe 26 Machi. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha karatasi ukitaka kulala usingizi. Na miadi yenyewe huchukua wiki kuipata, basi anza kuitafuta Januari.

Makosa yanayojirudia ni madogo na yanauma. Karatasi ya hoteli inasema wageni wawili lakini ina jina moja, mwenzako anapeleka ushahidi ambao hayumo. Iandikie hoteli waongeze jina la pili kama lilivyo kwenye pasipoti, kabla hujachapisha. Bima isipungue yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na ihesabu siku ya kufika na ya kuondoka zote mbili. Kama unapitia pia Paris, viza inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mlioko Ujerumani au Uholanzi na kibali cha kuishi, hamhitaji viza nyingine. Mlioko Uingereza na pasipoti ya Kenya au Tanzania, mnaihitaji hata kama kibali chenu ni cha kudumu. Mlioko Dubai na Maskati mnaombea huko huko mnakoishi.

Haya, chumba chenyewe. Vyumba hivi wenyeji wanaviita iposkafa, maana yake vilivyochimbwa. Jabali la juu ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kuchimba lakini yanajishikilia yenyewe. Kisiwa hakina miti ya boriti, kwa hiyo maskini na mabaharia walichimba ubavu wa jabali wakaishi humo, na manahodha wakajenga majumba juu. Mtu wa Lamu akiingia leo hatajiona mgeni: zidaka, yaani vishubaka, ukutani, baraza la kujengwa, plasta nyororo kama niru, ile plasta ya chokaa ya Lamu. Mimi napenda sana kazi hii, na ndiyo maana nataka mjue inavyofanya kazi.

Uso wa chumba ni mwembamba: mlango katikati, dirisha kila upande, na kidirisha juu ya mlango. Mwanga na hewa vyote vinaingia mbele. Kitanda mara nyingi kiko nyuma, na bafu nyuma zaidi, bila dirisha. Faida yake ni ubaridi wa asili, jua likiwaka nje ndani kumetulia. Hasara ni unyevu. Jabali linapumua, chumvi inajitokeza kwenye plasta. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya mto: ukiona unga mweupe na rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, ukuta huo haukukauka tangu hoteli ilipofungwa Novemba. Mwezi wa nne hilo ni la kawaida. Omba mashine ya kukausha hewa, hoteli nzuri inayo, na iwashwe mchana ukiwa nje kwa sababu ina kelele. Mwenye pumu achukue chumba kilichojengwa juu ya ardhi, si cha pango.

Kitanda kingi cha pangoni ni cha kujengwa, godoro limewekwa juu ya jukwaa la saruji. Hakisogei wala hakigawanyiki kuwa viwili. Ndugu wawili au mama na binti yake waulize kabla ya kulipa. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, na bafu mara nyingi halina kizingiti, kwa hiyo maji yakienda yatakavyo yanafika kitandani. Tandika taulo mlangoni. Karatasi za chooni zinatupwa kwenye kikapu kwa sababu mabomba ni membamba. Maji ya bomba ni ya kuogea, ya kunywa nunua ya chupa.

Kidimbwi ndicho mnachokitaka nyote, basi tukiseme kwa urefu. Kaldera inatazama magharibi. Asubuhi jabali lenyewe linakuwekea kivuli, na maji yasiyopashwa moto yanabaki baridi mpaka mchana. Neno la kutafuta kwenye maelezo ni kama maji yanapashwa moto, tena miezi gani na kwa malipo gani. La pili ni faragha. Vyumba vimepangwa kama ngazi: baraza yako ni dari ya jirani wa chini, na jirani wa juu anakuona kikamilifu. Kwenye baadhi ya hoteli njia ya umma inapita juu ya kichwa chako na watalii wanapiga picha. Dada zangu mnaojisitiri, tafuteni kidimbwi kilichochimbwa ndani ya pango. Kina joto, kina harufu ya klorini na unyevu zaidi, lakini hakuna anayekuona. Omba picha iliyopigwa kutoka kidimbwini kuelekea juu. Ile ya kuelekea baharini haikuambii kitu.

Maneno ya mandhari nayo yasomeni polepole. Bahari inaonekana hata Kamari na Perissa, lakini huko ni mashariki, utaona jua likichomoza. Kuona kaldera si lazima uone jua likizama. Inategemea chumba kimeelekea wapi na ni mwezi gani. Watoto pia: nyingi hazipokei walio chini ya miaka 12 au 13, kwa ajili ya kuta fupi na genge lililo chini.

Mnaniuliza kuhusu matetemeko. Lile la Julai 1956 liliharibu vibaya Oia, na Februari 2025 mitetemo mfululizo iliwaondoa kisiwani zaidi ya watu 10,000. Uamuzi ni wako. Ninachokuomba ni usome bima kama inalitaja tetemeko, kwani ile ya viza kazi yake kubwa ni matibabu, si kukurudishia pesa ya hoteli.

Kufika: feri kubwa kutoka Piraeus, bandari ya Athens, inachukua muda wa kama saa nane, ya kasi kama saa tano, ndege kutoka Athens haifiki muda wa saa moja. Julai na Agosti upepo wa meltemi ukikaza, boti za kasi ndizo zinazosimamishwa kwanza, kwa hiyo siku ya kurudi usiunganishe boti na ndege ya kimataifa siku hiyo hiyo. Ukiingilia Athens, tangu Oktoba 2025 wameanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani, foleni imerefuka. Acha saa tatu au nne kabla ya ndege ya kisiwani.

Begi zilete mbili ndogo badala ya moja kubwa, maana gari linaishia juu barabarani na kutoka hapo ni ngazi, pengine 40, pengine zaidi ya 100, na mbebaji anashuka nazo begani. Iandikie hoteli siku mbili kabla: jina la boti, saa ya kufika bandari ya Athinios, na idadi ya mabegi. Waombe pia jina la mahali gari linaposimama na namba ya simu ya mbebaji, kwa sababu ramani ya simu itakupeleka kwenye paa la hoteli, na huko hakuna mlango.